Mstari wa Bi Saumu

Ukumbi ulikuwa ukivuma. Serikali ilitaka dawa za mafua ziuzwe kwa cheti cha daktari tu, maana wahalifu walizigeuza methamfetamini, dawa kali ya kulevya. Kura ilipigwa kwa kupanga mistari miwili. Bi Saumu, mwenye duka la dawa, aliongoza wapingaji.

“Mwenye mafua akapange foleni hospitalini? Thubutu!” alisema, akashangiliwa.

Mistari ilikuwa sawa. Ndipo akaingia mwanawe Nasoro, aliyetoka juzi kwenye nyumba ya kuwatibu waraibu.

“Njoo huku, baba!” mama yake alimwita kwa furaha.

Nasoro akajiunga na mstari wa pili, wa walioiunga mkono serikali.

“Bi Saumu, hata mwanao kakukimbia!” mtu alitania.

“Nisamehe, mama,” Nasoro alisema. “Vidonge tulivyopika vilitoka dukani kwako.”

Vicheko vikakatika. Bi Saumu aliinua mguu mmoja, na ukumbi mzima ukanyoosha shingo kuona atautua wapi.