Foleni ya Alhamisi

Kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani, fundi cherehani alijibanza ukutani, akatoa kwenye mkoba kichupa cha spiriti, ile ya kusafishia vidonda, akajipaka matone mawili shingoni kama wenzake wanavyojipaka manukato. Kisha akakaza kilemba. Nywele zilikuwa bado mbichi.

"Umerudi?" mama yake aliita kutoka kitandani.

"Nimerudi, mama."

"Foleni je?"

"We acha tu! Mpaka getini."

"Pole, mwanangu." Mama akavuta pumzi kwa pua. "Eh! Leo unanukia hospitali kweli kweli."

Fundi akakimbilia jikoni kubandika maji.

Foleni haikuwepo. Dirisha la dawa lilimchukua dakika kumi. Muda uliobaki aliumalizia kwenye saluni moja nyuma ya stendi, shingo imelala kwenye beseni, macho kayafumba, vidole vya mtu mwingine vikimsugua kichwa. Hasuki, hapaki rangi. Kuoshwa tu, kisha kusinzia palepale kitini mpaka msusi amguse bega.

Mwaka wa tatu huo tangu mama apigwe na kiharusi. Mikono iliyosuka vichwa vya mtaa mzima sasa ilikuwa imelala mapajani, haina kazi. Wiki nzima fundi alimwosha, akamgeuza, akamlisha, na katikati ya hayo akashona sare za shule. Alhamisi ndiyo siku pekee aliyooshwa yeye.

Na pesa? Hapo ndipo palipomuuma. Mama alikuwa akimtolea nauli kwenye kodi ya kibanda chake cha zamani cha ususi, tena na ziada juu. "Magari yamepanda, chukua," alikuwa akisema. Fundi akaenda kwa miguu, akarudi kwa miguu, nauli ya mgonjwa ikaishia kwenye povu.

"Hiyo foleni yako, shoga," jirani aliyekuwa akimshikia zamu alimtania siku moja, "haina bwana ndani kweli?"

Fundi alicheka kwa midomo tu.

Basi Alhamisi moja akarudi, akamkuta mama sakafuni. Jirani alikuwa ametoka mara moja kwenda kutazama jiko lake. Mama hakuumia, aliteleza akijivuta kuelekea kikombe cha maji.

"Nimekaa chini tu," mama alisema. "Mbona unalia kama umekuta msiba?"

Fundi alimnyanyua, analia mpaka kilemba kikafunguka, nywele mbichi zikamwangukia usoni. Akazirudisha ndani haraka haraka.

"Huko kumenyesha?" mama akauliza.

"Manyunyu, mama."

Nje jua lilikuwa linachoma bati.

Wiki ile usingizi ulimpaa. Kila akifumba macho anakiona kile kikombe, na yeye huku kalaza shingo kwenye beseni kama malkia. Alhamisi iliyofuata alipita mbele ya saluni akitazama chini, msusi akamwita mara mbili, hakugeuka.

Kwenye dirisha la dawa alikuwepo yule mfamasia mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Baba, naomba unisaidie. Nipe dawa za mwezi mzima. Siwezi tena kumwacha mama kila wiki."

Mzee akaipindua kadi. "Kwa nini mwezi? Chukua za miezi mitatu, binti. Kila mtu hapa anachukua za miezi mitatu. Nyie tu ndio wa kila wiki."

"Sisi tu? Nani kapanga hivyo?"

"Hii hapa, nimeandika mwenyewe: ombi la mgonjwa. Nakumbuka, ulimleta kwa kiti cha magurudumu, ukaenda kumtafutia maji. Ulipotoka tu, akaniomba."

Fundi alishika kaunta. Kumbe mama hakumwamini hata kumwachia vidonge. Alimtaka apewe kidogo kidogo, kama mlevi anavyopewa mshahara wake. Na hakukosea. Mtoto anayekula nauli ya mama yake atashindwa kula nini?

Nusu saa baadaye alikuwa nyumbani. Jirani akaaga, macho yamemtoka kwa mshangao. Fundi akauweka mfuko wa dawa mezani, akapiga magoti kando ya kitanda. Kilemba kilikuwa mkononi. Spiriti hakujipaka.

"Mama, nimechukua za miezi mitatu. Sitoki tena. Nipo hapa na wewe."

Mama aliutazama ule mfuko. Kisha akamtazama bintiye kichwani, kwenye nywele zilizokauka na kukakamaa, akamtazama kwa muda mrefu. Uso ukamshuka.

"Nani kakutuma?"

"Nimeona mwenyewe, mama. Nilikuwa nakukosea."

"Miezi mitatu!" mama alisema, kama mtu aliyesomewa kifungo. "Sasa we mtoto, hicho kichwa utaenda kukioshea wapi?"