Dakika Moja ya Bi. Sikitu

Siku ya fainali walikuwapo uwanjani mwenyekiti wa klabu, Nyumbu; mwamuzi Kobe, aliyechelewa kama desturi yake; kocha Nguchiro; na Kuro, mshambuliaji hodari, ambaye mashabiki wasiojua wanyama humwita Swala. Alikuwapo pia Bi. Sikitu, shangazi aliyemlea Kuro. Huyo hakutarajiwa, kwa kuwa Jumatatu Kuro alitoa taarifa kwamba shangazi huyo amefariki, akapewa siku nne za kukosa mazoezi.

Kobe akapuliza filimbi, wote wakasimama kimya dakika moja kwa heshima ya marehemu. Kuro aliinamisha kichwa kwa ustadi mkubwa.

Jukwaani, Bi. Sikitu alimnong'oneza Nyumbu. "Tunamwombolezea nani, mwanangu?"

"Shangazi yake Kuro, mama."

"Maskini. Na mimi nilivyokuja mzima hivi."

Kisha akampungia Kuro mkono. Nguchiro, aliyemfahamu mama huyo, akaona.

"Pole kwa msiba, bingwa," alimwambia Kuro. "Marehemu anakusalimu."

Kuro alifunga mabao matatu, kwa hiyo uongo wake ukasahaulika kabla ya kombe kufika ofisini.

Mwaka uliofuata alibisha hodi kwa Nyumbu, macho mekundu, akaomba ruhusa ya kwenda kuzika.

"Nani tena?"

"Shangazi, mzee. Safari hii ni kweli."

"Dakika yake tulikwishampa, na siku zake ulikwishazila wewe. Nenda mazoezini."

Kuro akaenda akavaa viatu.

Bi. Sikitu alifariki Jumanne, akazikwa Jumatano saa kumi jioni, wakati wa mazoezi.