Mtihani wa Kutembea

"Usiniachie!" mama mmoja mzee alisema, akimng'ang'ania mwanafunzi mkono.

"Sikuachii, mama. Vuta pumzi kwanza," alijibu mwanafunzi, huku akitupa jicho pembeni.

Pale pembeni, mzee mwenye tai na miwani alikuwa ameweka karatasi juu ya goti. Aliandika kidogo, akafuta, akatazama dari. Mwanafunzi akanyoosha kola ya shati. Mlangoni aliambiwa jambo moja tu: mtahini yumo chumbani.

Mwanafunzi huyu hakuwa kijana. Mchana alisukuma machela hospitalini, jioni akakaa darasani na watoto wa rika la binti yake. Mtihani huu, wa kupima wazee wanajiamini kiasi gani wanapotembea, ulikuwa umemshinda mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Asubuhi nyumba nzima ilipiga magoti kumwombea.

"Swali linalofuata," alisema kwa sauti ya kufika pembeni. "Kutoka sifuri mpaka kumi, una hakika kiasi gani kwamba utapanda ngazi bila kuanguka?"

"Mwanangu, unamuuliza nani? Mimi niko huku."

"Samahani, mama. Kumi ni hakika kabisa."

"Basi andika mbili. Moja ya kupanda, nyingine ya kushuka."

Mzee wa pembeni akakohoa. Mwanafunzi akaandika mbili harakaharaka, akaonyesha kipandio cha mbao kilichowekwa katikati ya chumba. Mama akainua mguu, ukatetemeka, akaurudisha chini.

"Siwezi."

Dakika zilikuwa zinayoyoma na maswali yalibaki mengi. Angeweza kumvuta tu apande, aweke alama, aendelee; ndivyo alivyofanya mara zilizopita. Ee Mungu, niongoze, aliomba kimoyomoyo. Kisha akaweka kalamu mezani, akampa mzee wa pembeni mgongo.

"Mama, unaogopa nini hasa?"

"Niliteleza bafuni. Tangu siku hiyo mguu huu na mimi hatuaminiani."

"Na ungekuwa huogopi, ungekwenda wapi?"

Uso ukamchangamka. "Kwa jirani! Ana ngazi mlangoni. Chai yake haina sukari, lakini umbea wake!"

Mwanafunzi akacheka hadi mabega yakatikisika. "Basi hapo juu ndipo kwa jirani. Shika bega langu. Mguu wenye nguvu utangulie. Habari zimeshaanza, usichelewe."

Mama akapanda. Akasimama juu, akaachia bega, akapunga mkono kama malkia.

"Sasa niulize tena."

"Una hakika kiasi gani?"

"Saba. Nane, kama umbea ni mzito."

Kengele ikalia. Nusu ya fomu ilikuwa tupu. Mwanafunzi akageuka, mzee wa pembeni alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko, akikata kitu kwenye karatasi yake.

Basi, imekwisha. Akamshusha mama taratibu, akampa fimbo yake ya kutembelea. "Asante kwa uvumilivu, mama. Msalimie jirani."

Mama akaiegemeza fimbo ukutani, akajinyoosha, akavuka chumba kwa hatua ndefu hadi kwa mzee mwenye tai.

"Baba watoto, kunja hiyo chemshabongo yako twende nyumbani," alisema, akimchomoa kalamu mkononi ili atie sahihi kwenye fomu ya mtihani. "Huyu ndiye wa mwisho leo, na nimempa alama zote."