Kofia ya Waya

Mama Tryphosa aliikataa kofia ya waya ya kupimia ubongo. Alihofu itawaambia watu kwamba yeye ni mchawi kweli, kama walivyodai walipomchomea mume wake ndani ya nyumba.

"Haiumi, mama," nikamwambia. "Acha nianze mimi."

Nikaivaa. Jeli baridi ikanitiririka hadi sikioni. Nikamwonyesha mistari miwili kwenye kompyuta: huu wa hofu, huu wa kumbukumbu. Kwa mtu mwenye kiwewe, hiyo miwili huruka pamoja hata sauti ikishakoma. Kwangu ingetulia.

Nikabonyeza. Nduru iliyorekodiwa ikalia, ile ya kuita kijiji kizima, kisha ikakatika.

Mistari yangu haikutulia. Iliruka pamoja, ikazidi kuruka, kama ya wajane wote niliowapima Nyamira mwezi huu. Nikanyoosha mkono niizime kompyuta. Mama Tryphosa akaushika.

"Daktari, kwenu ni wapi?"

"Nyamache."

"Ndiko nilikoolewa." Hakuuachilia mkono. "Siku ile ya moto ulikuwa na miaka mingapi?"

Jeli ilikuwa imenifika shingoni.

"Saba," nikasema. "Sisi watoto tulitumwa majani makavu ya ndizi tu."