Kipepeo wa Shamba la Tangawizi

Siku hizi, kwa sheria ya hifadhi, kiumbe kisichojulikana kikionekana shambani kwako, shamba linakuwa lake, wewe unahama. Jirani yetu mama Shemndolwa alihamishwa na konokono.

Mjukuu wangu Nakijwa alikuja mbio, viganja amevifumba. "Bibi, kipepeo mgeni! Mwalimu atafurahi!"

Nilimtazama vizuri huyo kipepeo. Mwili mnene, mbawa za kahawia zenye doa la rangi ya maziwa, vipapasio vimepinda ncha kama ndoano. Mzuri kweli. Nikamminya kwa kidole gumba, unga wake nikaufuta kwenye kanga.

Nakijwa alilia mpaka ugali ukapoa.

Asubuhi nilimkuta kwenye tangawizi anageuza majani, anapasua mayai ya kipepeo kwa ukucha.

"Kaa tu, Bibi," akasema bila kugeuka. "Macho yako hayaoni vitu vidogo."