Hotuba ya Mshenga

Halwa ilikuwa imeshafika nusu sahani, na Mesye Armand ndio kwanza yuko kwenye kuzaliwa kwa baba yake.

"Alikuwa mchimba makaa," alisema, akilitembeza jicho majlisi nzima kana kwamba imejaa wapiga kura. "Na baba yake mchimba makaa."

Pembeni yake Wael alikaa mikono juu ya magoti, midomo kaifunga. Siku ya posa kijana hasemi, anasemewa na mshenga wake. Ndiyo desturi, na Bwana Marhoon, mwenye nyumba hii ya Mabela, alikuwa mtu wa desturi. Jina la binti nalo halitajwi mbele ya wanaume. Yote haya Wael alimfundisha mzee ndani ya gari, tangu wanatoka Hamriya, na kila kwenye taa za barabarani mzee akaitikia kuwa ameelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Aseme kijana huyu ni nani, ana kazi gani, halafu aombe. Jibu likipatikana leo, Ghadeer, binti wa Bwana Marhoon, ni wake. Likikosekana, Ijumaa wanakuja wazee wa Jaifar, mtoto wa ami yake Ghadeer, na hao hawatakuja kuulizwa ukoo wao.

Baba yake Wael alishafariki, na ami yake Badr yumo hospitali. Ndipo akamkumbuka jirani wa ghorofa ya chini, Armand Vauquelle, waziri mstaafu wa Ufaransa, msoshalisti wa kufa na kupona. Kiswahili alikiokota Bujumbura alikokuwa mwalimu ujanani. Baada ya kufiwa na mke alihamia Oman, akasilimu, na wenzake wa zamani wakalipokea jambo hilo kama vile amehama chama. Wael akajiambia, nani atamkatalia waziri?

Jambo moja tu hakulijua. Mesye Armand aliamini kila kitu duniani ni cha wote, isipokuwa kipaza sauti.

Basi akawa meya. Akalala barabarani na wachimbaji siku mgodi ulipofungwa. Akawa mbunge. Wael akamgusa na kiwiko.

"Subiri," mzee akamnong'oneza. "Bado sijaingia wizarani."

Akaingia wizarani, Wizara ya Kazi, akatunga sheria ya mapumziko ya wafanyakazi. Wafanyakazi wakaiona ndogo, wakagoma. Yeye akachungulia dirishani, akaona mabango yameandikwa vizuri, akateremka kwenda kugoma nao dhidi yake mwenyewe.

Nyuma ya mlango wa ndani mwanamke akaangua kicheko, kisha akakimeza.

Wael akautupia jicho mlango. Ghadeer anasikiliza. Lakini anasikiliza nini? Kwamba yeye ni mhandisi wa maji, hilo halijatajwa. Kwamba nyumba yake inakaribia kuezekwa, hilo pia. Swali pekee aliloulizwa tangu aingie ni kama barabara ilikuwa na gari nyingi. Akajibu kuwa zilikuwa nyingi, na huo ndio ukawa mchango wake kwenye posa yake.

Bwana Marhoon, aliyestaafu serikalini na siku hizi hana wa kuzungumza naye siasa, alijisogeza mbele kwenye mto wake. Akataka kujua mzee anaishi na nani, na nani anampikia.

"Najipikia maharage," alisema Mesye Armand. "Yanaungua kila siku. Nilipokuwa waziri pia yaliungua, ila wakati ule nililaumu upinzani."

Kicheko tena nyuma ya mlango, safari hii hakikumezwa. Wael akakanyaga mguu wa mzee. Mzee akausogeza mguu, akaendelea.

Magharibi ilikuwa imekaribia alipofika kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa chama, ule aliotabiriwa kushinda na akashindwa. Hapo sauti yake ikapungua.

"Nilishindwa kwa sababu moja, Bwana Marhoon. Sikuwahi kujua kuomba. Nilihutubia tu, nikadhani watu wameelewa. Leo najifunza. Naomba uchumba katika nyumba hii."

Akajifuta jasho, ameridhika. Jina la binti hakulitaja, kama alivyofundishwa. La Wael pia hakulitaja. Wael akajifariji: mmoja hapa ni kijana wa dishdasha mpya aliyejifukiza udi mpaka kope, mwingine ni babu mwenye tai. Nani atashindwa kujua mposaji ni yupi?

Bwana Marhoon akaomba radhi, akaingia ndani. Minong'ono ikasikika, mlango ukafunguka na kufungwa, mtu akaambiwa aache haya. Aliporudi uso wake uling'aa.

"Tumemuuliza mwenyewe," alisema. "Kakubali."

Wael akafumba macho. Alipoyafumbua, Bwana Marhoon alikuwa amemkumbatia Mesye Armand.

"Nnakwambia, dada'angu Masouda hajacheka hivi tangu atoke eda. Karibu nyumbani, shemegi."

Mzee aliyeshindwa uchaguzi mkubwa kuliko yote maishani mwake akautazama ule mlango wa ndani, akaiweka sawa tai yake, na hakupinga matokeo.

Bwana Marhoon akamgeukia Wael kwa upole.

"Sasa tunataka mashahidi wawili wa akdi. Wewe mwanangu, jina lako nani vile?"