Hali: Inatengenezwa

"Nani aliandika neno hili?" mkaguzi aliuliza, akiwageuzia skrini.

Mwanamke aliyekaa mbele yake hakuhitaji kulisoma. "Mimi."

Mkurugenzi wa kituo, ambaye muda wote alikuwa akichezea kifuniko cha kalamu, aliinua kichwa. Akamtazama. Kisha akainama tena, akaendelea na kifuniko chake.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: inatengenezwa.

Pale kituoni walimwita Mama Lebo, maana kazi yake ilikuwa kuziandikia kompyuta lebo za maelezo. Vituo vya utafiti vya miji mbalimbali vilikuwa vimekubaliana kuazimana mashine, kama majirani wanavyoazimana ngazi na toroli. Lakini mashine haiwezi kwenda kwa mwenzake ikapiga hodi na kuuliza. Kwa hiyo kila moja iliandikiwa maelezo, kwa maneno ambayo mashine za vituo vingine zinayajua maana yake: ni ya aina gani, inaweza kazi gani, nani anaruhusiwa kuitumia, hali yake ikoje. Mwenye hesabu nzito alituma ombi, ombi likapita likisoma maelezo, na lilipokuta mashine inayofaa lilitua hapo hapo. Kompyuta ina akili, busara haina. Ukiiandika mgonjwa, itajibu kuwa ni mgonjwa hata kama ilishapona.

Na mashine kubwa ya kituo chao, iliyokaa chumba cha nyuma, ilishapona. Feni ilibadilishwa, ikawashwa, ikakaa inanguruma bila kazi. Neno halikufutwa.

Mvua zilipozidi, watu wa hali ya hewa walituma ombi. Walitaka kukokotoa mlima ulio juu ya bonde wanakoishi watu ungestahimili maji mpaka lini. Ombi likazunguka vituo vyote. Mashine nyingine zenye nguvu zilikuwa na kazi za watu. Hii ikajibu kwamba inatengenezwa. Ombi likawekwa kwenye foleni. Mvua haikupanga foleni. Udongo ulishuka asubuhi, watu wakiwa wanawasha majiko.

"Na kati ya waliofukiwa," mkaguzi alisema kwa sauti ya chini, "alikuwemo mumeo."

"Alikuwemo."

"Pole sana, dada." Akapekua karatasi zake. "Nimeambiwa mlikuwa wawili kwenye kazi hii ya maelezo."

"Sasa niko peke yangu."

"Unaelewa unachokubali? Kazi utaipoteza. Na huenda mambo yasiishie hapo."

"Naelewa," alisema, kama mtu aliyeulizwa iwapo anatumia sukari.

Nyumbani, waombolezaji walikuwa wameshatawanyika. Alikuwa amebaki mama mkwe, amekaa kwenye godoro la sebuleni, anakunja shuka zilizokunjwa tayari. Tangu maziko, mjane huyu hakuwa ametoa chozi. Chakula alikitia mdomoni, akakimeza, akaosha sahani. Majirani walisema ana moyo wa jiwe. Yeye mwenyewe aliusikiliza moyo wake kama mtu anayetega sikio mlangoni pa nyumba iliyohamwa, asisikie kitu.

"Wamempata aliyekosea?" mama mkwe aliuliza.

"Wamempata."

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Mikono ya yule mama ikasimama juu ya shuka. Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukienda na kurudi.

"Alinibeba mgongoni kutoka kwangu kule bondeni," mama mkwe alisema. "Mtu mzima kama mimi, akanibeba kama mzigo wa kuni, akaniweka barabarani. Nikamwambia mwanangu, basi, inatosha. Akasema, 'Mama, kuna watoto kwa jirani.' Akarudi." Akaiweka shuka chini. "Alirudi kuwatoa watu uliowasahau wewe."

"Ndiyo, mama."

"Nimekuita mwanangu tangu siku uliyoingia ukoo huu."

"Ndiyo."

"Sasa usiniite mama."

Mjane akaenda jikoni, akazima jiko. Akasimama pale akingoja maumivu yaje, maana hili aliona hakika litauma. Hayakuja. Alisikia tu ufagio wa nje ukimaliza kazi yake.

Barua ya kuachishwa kazi ilipofika, mama mkwe alisema naye atakwenda kituoni. Alitaka kuona kwa macho yake funguo zikirudishwa. Wakatembea bila kusemezana, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Walipofika, mama mkwe akakataa kuingia ofisini. Akakaa kwenye benchi la koridoni, mgongo wima, macho ukutani.

Mkurugenzi alimkaribisha mjane kiti. Hakukaa. Akatoa kitambulisho chake na ufunguo wa ofisi, akaviweka mezani kimoja kimoja.

Mkurugenzi akavitazama. "Na ufunguo wa chumba cha nyuma?"

"Sijawahi kuwa nao, mzee."

"Najua," mkurugenzi alisema. "Aliyekuwa nao ni mumeo. Na neno lile aliliandika yeye, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake."

Mjane aligeuka, akautazama mlango ambao haukufungwa vizuri.

"Mama yake amekaa hapo nje," alisema. "Tafadhali, mzee, sema polepole."